Kona za Jiwe la Mama

Wateja wanaolamba vidole! Hao ndio walioanza kumtia Dada Kona kinyaa na kazi yake. Mtu anataka kuvua pete ya zamani ajaribu mpya, pete haitoki, basi anaingiza kidole kizima mdomoni, anakifyonza mpaka kwenye fundo, kisha pete ikiwa bado inachuruzika mate anamkabidhi. "Nishikie, dada." Loo! Naye anaipokea, anatabasamu, maana ndiyo kazi yenyewe, halafu anainama chini ya kaunta kujifuta kwa kitambaa cha spiriti mpaka ngozi inamwasha.

Jina la Kona alipewa na wenzake dukani, wala halikumuudhi. Aliuza almasi tangu ujana wake, na neno lake kwa kila mteja lilikuwa lilelile: tazama kona. Watu hudanganywa na mng'aro. Yapo mawe mawili ya pembe nne ambayo ukiyalaza pamoja juu ya kitambaa cheupe yanametameta sawasawa, kama barafu iliyopondwa, na mteja anasema ah, si ni kitu kimoja tu. Si kimoja! La kwanza dukani waliliita mto, kwa sababu kona zake zimeviringwa kama za mto wa kulalia. La pili kona zake zimekatwa, kama mtu aliyepunguza ncha za kipande cha sabuni kwa kisu. Pitisha ukucha kwenye kona ya mto, utateleza. Upitishe kwenye ile iliyokatwa, utakwama mara mbili. Wachumba wangapi alishawafundisha hayo, hata wale waliokuja wamenuniana! "Hili mtaishi nalo kidoleni," aliwaambia. "Lijue kwa kugusa, macho yana uongo mwingi."

Somo hilo hakulipata dukani, alilipata kwa mama yake. Mama alikuwa na pete ya almasi moja, ya mkato wa mto, aliyovishwa na marehemu baba mwaka ambao mambo yao yalinyooka. Mama akiwaza jambo, kidole gumba chake kilizunguka kwenye kona za lile jiwe, polepole. Kikianza kuzunguka haraka, watoto walijua kuna mtu ataitwa chumbani muda si mrefu, na kila mmoja alijifanya anasoma. Wakiugua, aliwaachia mkono wake walale wakilipapasa jiwe. Dada Kona alilipapasa. Kaka yake mkubwa naye alilipapasa, tena yeye zaidi, maana alikuwa hodari wa kuugua siku za mtihani.

Kaka huyo nyumbani wanamwita Bosi, ingawa hajawahi kumwajiri hata kuku. Mama alipozeeka, mtoto wa jicho akamfunika macho yote mawili na vidole vikavimba kwa baridi yabisi, pete ikaanza kumbana. Bosi ndiye aliyejitolea kuipeleka ikapanuliwe. "Kwa nini usinipe mimi niipeleke dukani kwetu?" dada yake alimuuliza. "Kwenu ghali," Bosi akajibu, "na mimi nina sonara wangu wa uhakika." Haya. Wiki zikapita, kila Mama akiuliza anaambiwa sonara kasafiri. Kisha Bosi akaonekana na gari. Jeusi, la mitumba lakini limepigwa rangi likang'aa, na kiti cha mbele bado kina nailoni.

Asubuhi moja duka likiwa tupu, Bosi akaingia, ananukia marashi hadi mlangoni.

"Dada'angu mpenzi! Nataka jiwe."

"La nani?"

"La wifi yako. Si unajua wanawake. Lakini yale ya bei poa, ya kiwandani, yanayofanana na almasi."

Dada Kona akatoa sinia la mawe ya kuiga. Akauliza ukubwa. Bosi akajipapasa mifukoni, akatoa pete iliyofungwa kwa karatasi ya chooni, akaiweka kaunta. Ilikuwa ni pete iliyopanuliwa vizuri tu, ila kucha zake nne za kushikilia jiwe zimefunuliwa juu na katikati hapana kitu. Dada Kona aliitambua kabla karatasi haijaisha kufunguka.

"Hii ya Mama."

"Punguza sauti."

"Jiwe liko wapi, kaka?"

Bosi akatazama nje, kule alikoliegesha gari. Hakuhitaji kusema zaidi ya hapo, lakini alisema. Eti gari ni la familia. Eti atampeleka Mama hospitali akae kiti cha mbele. Eti jiwe lile lilikuwa limekaa bure tu kidoleni. Halafu akainama, akanong'ona kama mtu anayempa mwenzake siri ya biashara: "Kwani Mama anaona? Haoni! Tukimwekea hili atakufa na furaha yake. Ukimwambia, na ile presha yake, utakuwa umemuua wewe."

Akamshika dada yake mkono. Kiganja kilikuwa na jasho, laini kama njugu iliyooza. Mate yote ya wateja wa miaka yote hayakufikia jasho la mkono ule. Kikulacho ki nguoni mwako, wamesema, lakini hawakusema kinanukia marashi.

Angeweza kumfukuza. Angeweza kufunga duka aende moja kwa moja kwa Mama akamweleze, taratibu, mkono wa Mama ukiwa ndani ya mkono wake. Badala yake akachukua kibano, akalaza mawe mawili juu ya kitambaa cheupe: moja mto, moja la kona zilizokatwa. Hakumfundisha neno. Mteja wa kwanza katika maisha yake kumnyima somo.

"Chagua mwenyewe. Lipi linafanana na la Mama?"

Bosi hakuinama hata kutazama. "Si yaleyale?" Akagusa moja kwa kidole. La kona zilizokatwa.

"Una hakika?"

"Funga bwana, nimeegesha vibaya."

Dada Kona akampa fundi wa nyuma alifunge. Bosi alipotoka, Dada Kona alisugua kaunta kwa spiriti, akasugua mikono, akasonya mpaka fundi akachungulia kuuliza kuna nini.

Jumapili walikutana sebuleni kwa Mama. Wifi alikuwepo, na majirani wawili, kwa maana Bosi hafanyi jambo jema pasipo mashahidi. Akapiga goti, akamvisha Mama pete. "Mama, jiwe lako limerudi, linang'aa kuliko siku ile ya baba!" Wifi akapiga vigelegele. Dada Kona, ambaye asubuhi hiyo alijisugua tena kwa spiriti, alimpa Mama mkono kumsalimu, akakaa karibu na mlango, akingoja kwa hamu ambayo hata yeye mwenyewe aliionea aibu.

Kidole gumba cha Mama kikapanda juu ya jiwe. Kikaenda kona ya kwanza, kikasimama. Ya pili. Kikazunguka zote nne, kikarudi tena, na uso wake ukawa mdogo. Majirani walikuwa wanasubiri, soda mkononi.

"Ahsante, mwanangu," akasema Mama.

Bosi akacheka, akawatoa wageni nje wakaone gari. Sebule ikabaki na watu wawili.

"Wewe uko hapo mlangoni?" Mama akauliza.

"Nipo, Mama."

"Jiwe hili limetoka dukani kwenu?"

"Ndiyo."

"Aliyeuza ni nani?"

"Mimi."

"Ukajua."

"Nilijua, Mama. Nilitaka umjue alivyo. Nikaona ukiligusa tu utamjua."

Mama akaivua pete. Safari hii ilitoka kirahisi, imepanuliwa vizuri. Akainyoosha mbele kwenye giza lake mpaka binti yake akaja kuipokea.

"Huyo nimemzaa, namjua tangu alipokuwa akijifanya ana homa," alisema. "Jizi ni jizi. Lakini wewe ulijua siku zote hizo, ukaniacha niibiwe mbele ya majirani, nipapase mwenyewe, nami natabasamu. Nenda kanawe mikono, mwanangu. Uliponigusa wakati unaingia, ilikuwa inanuka spiriti."

Nje honi ya gari ililia mara mbili, wageni wakashangilia. Dada Kona alisimama na pete kiganjani, hajui aiweke wapi. Mama alikuwa amegeuza uso ukutani, na kidole gumba chake kilikuwa bado kinazunguka, polepole, pale penye alama ya pete.