Mashuka ya Dobi

Mtaani walimwita Mnyoosho, kwa sababu suruali iliyopita mkononi mwake ilirudi na mstari ulionyooka kama rula. Alikuwa dobi tangu ujana. Chumba chake cha kazi kilikuwa na meza pana iliyotandikwa blanketi, pasi mbili, na kamba za kuanikia kutoka ukuta hadi ukuta. Alipenda mizaha, na wapo wateja waliofika bila nguo yoyote ili wacheke tu.

Kisha mizaha ikakatika. Mkewe, mshonaji, alikuwa ameenda kumuuguza mama yake, na huku nyuma dobi akalala kwa mwanamke wa mtaa wa pili. Mke aliporudi wakalala pamoja kama kawaida, na siku chache baadaye haja ndogo ikaanza kumchoma dobi kama pilipili, na usaha ukamchafulia nguo za ndani. Alivumilia, akashindwa, akaenda zahanati ya mbali asikojulikana.

Tabibu, mama wa makamo mwenye sauti ya chini, alimpima akamwambia ni kisonono. Alimweleza kwamba ni ugonjwa wa bakteria, unaambukizwa kwa kujamiiana, na unatibika. Akamchoma sindano, akampa vidonge vya wiki moja, akamtaka amlete mkewe. Dobi aliitikia kwa kichwa, huku moyoni akijua hatamleta.

Badala yake alifanya kazi aliyoijua. Kila asubuhi, mkewe akiinuka tu, yeye aliyatandua mashuka kitandani, akayachemsha, akayapiga pasi mpaka yakanuka kuungua. Taulo nazo vilevile. Alijiambia hakuna mdudu wa kuyashinda maji yanayotokota na chuma cha moto. Usaha ulipokauka akajihesabu mzima, akarudi kwa mkewe kama zamani.

Haukupita muda, moto ukarudi.

“Vidonge ulimaliza?” tabibu alimuuliza.

“Nilimaliza vyote.”

“Na mama?”

Ndipo akaeleza habari za mashuka. Tabibu alimsikiliza mpaka mwisho bila kucheka.

“Baba, hivi vijidudu makao yake ni ndani ya mtu, siyo kwenye shuka. Dawa ilikutibu, ukaenda kuchukua vingine kwa mkeo.”

“Lakini yeye haumwi popote.”

“Wanawake wengi hawasikii kitu. Kimyakimya vinapanda mpaka kwenye mirija ya uzazi na kuiachia makovu. Mnataka mtoto mwingine?”

Walikuwa na binti mmoja tu, na mkewe alikuwa akishona vishati vya kitoto kwa vipande vilivyobaki, akivikunja na kuviweka chini kabisa ya sanduku.

Dobi aliomba apewe dawa ya mkewe akamsagie kwenye chai. Tabibu alikataa: lazima mama apimwe, aulizwe kama kuna dawa zinazomdhuru, na ajue anachotibiwa. “Isitoshe,” alisema, “sindano utaikorogaje?”

Siku hiyo dobi aliunguza shati la mteja. Aliingia chumbani, akatoka, akaingia tena. Mkewe alikuwa kwenye cherehani.

“Baba watoto, unaingia na kutoka mpaka nimekosea mshono. Na hayo mashuka yataisha kwa kufuliwa kabla ya kulaliwa. Unafua nini?”

Alimwambia yote akiwa amesimama: mwanamke, sindano, maradhi kurudi. Mguu wa mkewe ukatulia juu ya kanyagio. Hakulia wala hakumtukana. Kisha akauliza jambo moja.

“Mimi nimeshaharibika?”

“Sijui. Ndiyo maana nataka twende.”

Mke alitangulia njia nzima bila kugeuka nyuma. Zahanati akakutwa na maambukizi. Tabibu alimbonyeza tumbo huku na huku, na mke hakusikia maumivu. Alimwambia hiyo ni dalili njema na wamewahi kabla hajaanza kuumwa, ingawa hawezi kumwapia. Wote wawili wakachomwa sindano.

“Na yule wa mtaa wa pili?” mke aliuliza, akimtazama tabibu, siyo mumewe.

“Naye aambiwe aje.”

“Atamwambia. Njia ya kwake anaijua.”

Dobi aliinamisha kichwa. Tabibu akawaonya wasikutane kimwili kwa wiki moja, mpaka wote wamalize dawa. Mke akatia vidonge kwenye mkoba, akasimama.

“Wiki hiyo ni ya dawa, daktari,” alisema. “Yangu mimi bado sijaipanga.”