Nikipanda Tu, Saa Kumi

Kaka yangu anaishi London, na kila alipompigia mama simu alimalizia kwa maneno yale yale: "Usijali, mama. Nikipanda tu, saa kumi niko Dar."

Mama alilima mpunga maisha yake yote. Kwake kupanda hakukuwa na utani. Mtu akisema "nikipanda," ujue shamba limeshalimwa, mbegu iko tayari, anangoja mvua tu. Hakusikia "labda" yoyote humo. Na kaka, aliyekulia kwenye tope hilo hilo, alijua mama anasikia nini. Ndiyo maana sijamsamehe.

Ugonjwa wa mwisho nilimuuguzia kwangu, Viwanja Sitini, hapa Ifakara. Nikajaribu kumweleza kwamba London ni mbali, kilomita elfu saba na ushee. Akanicheka.

"Kilomita za nini? Nakuuliza, njiani analala wapi?"

"Halali popote, mama. Anasinzia humo humo kwenye ndege."

"Basi yuko karibu kuliko mdogo wangu wa Malinyi. Yule kwa masika haya atalala njiani mara mbili."

Akaniamuru nitenge mchele mpya kwa ajili ya kaka, mtu asiuguse. Kila asubuhi akawa ananiuliza kama ameshapanda. Nikimpigia, kaka anasema kazini wamembana, lakini akipanda tu. Upuuzi huo nilichoka kuubeba hadi kitandani kwa mgonjwa, na bado niliubeba.

Aliyefika ni mama mdogo wa Malinyi. Barabara ilikuwa imekatika. Alivuka maji kwa mtumbwi, akatembea, akadandia trekta, akaingia ndani na tope hadi magotini.

"Shikamoo, dada."

"Marahaba." Mama akatazama mlango nyuma yake. "Umekuja peke yako?"

"Peke yangu, dada."

Mama akageukia ukutani. Alifariki kesho yake, mkono wake ukiwa ndani ya mkono wa mdogo wake. Tulichelewesha mazishi ili kaka aje atupe udongo wa kwanza, kwa kuwa ndiye mkubwa wetu. Hatimaye akatuma ujumbe kwamba tuendelee tu. Mama mdogo akautupa udongo ule. Mchele uliotengwa niliupika wote msibani, na waombolezaji wakausifu kwa kunukia. Nilitamani kuwafukuza.

Mwezi uliopita kaka alinipigia.

"Hivi mdogo wangu, siku hizi kutoka Dar mpaka Ifakara ni saa ngapi?"

Miaka yote ile ya kuhesabu saa za angani, hilo hakuwahi kuuliza. Nilihisi hasira ikinipanda.

"Inategemea unakuja kwa nani," nikamjibu.

Kisha akasema anataka kuja kuliona kaburi, mambo yakikaa sawa.

"Nikipanda tu," akaanza.

Nikakata simu.