Madebe Matano kwa Ajili ya Mbwa

Hataweza. Neno hilo lilifika kwetu kabla yangu. Nilishuka basi pale Kombani nikiwa na sanduku la bati, pimamaji, mwiko wangu wa kazi, diploma ya ujenzi niliyoisomea bara kwa miaka mitatu, na mbwa. Kutoka barabarani hadi nyumbani ni mwendo wa nusu saa tu, lakini nilipofika hukumu ilikuwa imekwisha kukatwa. Hataweza kujenga nyumba ya mawe. Hataweza kujenga birika la maji ya mvua, maana udongo wetu ni mchanga mtupu na humeza kila kitu. Na zaidi ya yote hataweza kukaa na mbwa katikati ya Waislamu.

Mjomba wangu, aliyenilea baada ya baba kufariki, aliyasema yote barazani kwake, mbele ya watu, huku akinimiminia kahawa.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba, mpwa. Kile kilicholala nje ya ua wangu ni nini?"

"Mlinzi."

"Mlinzi ana mkia?"

"Mbwa wa ulinzi anaruhusiwa, mjomba. Ulinifundisha mwenyewe."

"Nilikufundisha ulipokuwa hujui kusoma. Sasa unajua, unanirudishia." Watu wakacheka, naye akangoja wamalize. "Sikiliza. Hilo birika lako likijaa, usiniletee maji yake. Mimi sitii udhu kwa maji ya nyumba yenye mbwa."

Nilikunywa kahawa yangu nikaondoka. Naandika haya kwa kujisifu na sifichi. Katika ukoo wetu mimi ndiye wa kwanza kutundika diploma ukutani, na ukuta wenyewe niliujenga kwa mikono hii. Lakini mawe, mbao na mifuko ya saruji vililala nje kwa miezi, na havikupungua hata msumari mmoja, kwa sababu ya mbwa yule. Alikuwa wa rangi ya hudhurungi, na mguu mmoja wa mbele ulikuwa mweupe. Hakuwa na jina. Nilimwita kwa mluzi, naye alikuja. Hakuingia ndani ya nyumba, hakukaribia vyombo, na jamvi langu la kuswalia nililitundika juu asikoweza kufika. Bado watu walipita njia ya mbali.

Nyumba ilisimama. Nikaanza birika. Kuta zilipofika usawa wa ardhi nilichinja mbuzi nikaalika kijiji kizima, na wale waliosema sitaweza walikuja wakala vizuri sana.

Siku ya pili yake, Jumanne, mbwa alianza kutokwa na udenda. Kinywa kilikuwa wazi nusu, mate yalining'inia hadi chini, naye alijikuna uso kwa mguu ule mweupe. Chakula alikinusa akakiacha. Jirani yangu, mama mjane aliyekuwa akiuza maandazi, alimwona kutoka uani kwake, akaangusha sinia.

"Kichaa! Jamani, mbwa wa fundi ana kichaa!"

Kufikia adhuhuri watoto wote walikuwa wamefungiwa ndani. Siwalaumu. Kichaa cha mbwa kikimwingia mtu hakitoki, na kila mmoja wetu alikuwa amesikia habari ya fulani aliyekufa akiogopa maji. Chifu alikuja Jumatano na askari mmoja mwenye bunduki. Alikuwa mtu wa haki, akasimama mbali akatazama.

"Fundi, mimi nina watoto wa watu hapa. Mfunge. Ukileta mtu anayejua, akaweka sahihi kwamba si kichaa, ataishi. Usipoleta, Ijumaa tukitoka msikitini askari atafanya kazi yake."

"Na hiyo diploma," mtu mmoja akapaza sauti nyuma, "haina ukurasa wa mbwa?"

Nilimfunga mbwa kwenye mti wa mkorosho. Nilikuwa na siku mbili za kutafuta daktari, na mahali petu hakuna aliyewahi kumtafutia mbwa daktari.

Nilianzia Diani, ambako niliwahi kujenga ukuta wa nyumba ya Mzungu mmoja. Mpishi wa nyumba ile alinieleza kwamba daktari wa mbwa zao hutoka Mombasa mara moja kwa mwezi, na ndio kwanza amerudi. "Na hata angekuwapo, ndugu yangu," alisema, "akija kumtazama mbwa mmoja hutoza kama amekuja kununua shamba."

Nikapanda baiskeli hadi Kombani. Palikuwa na muuza dawa sokoni, mwenye koti jeupe na chupa za kila rangi, akitibu ng'ombe, kuku, jino na mapenzi.

"Kichaa?" alisema. "Dawa ninayo. Shilingi kumi na tano."

"Hutaki kumwona kwanza?"

"Ya nini? Kichaa ni kichaa. Unampa vijiko vitatu, kesho anawinda."

Nikageuza baiskeli. "Kumi!" aliita. Nilipopita duka la vitambaa akasema saba. Nilipofika barabarani ilikuwa tano, na chupa nyingine bure. Mtu anaweza kudhani nilifurahi, maana mfuko wangu ulikuwa umemezwa na saruji. Lakini mimi ni mjenzi. Fundi anayeniambia ukuta utasimama kabla hajagusa udongo, simpi kazi, hata akinifanyia bure. Nikaenda zangu.

Alhamisi asubuhi nilipanda Kwale, kwenye ofisi ya mifugo. Nyuma yake nilimkuta mchanjaji wa ng'ombe, kijana wa rika langu, akichemsha sindano katika sufuria. Alikuwa ametoka upande wa Samburu, ile ya huku Kwale, jioni iliyopita na vumbi lilikuwa bado masikioni mwake.

"Salaam alaikum."

"Alaikum salaam. Karibu. Una ng'ombe wangapi?"

"Sina ng'ombe. Nina mbwa. Hana kichaa, nataka uniandikie hivyo."

Hakuinua macho. "Umejuaje hana?"

"Mimi nimesoma. Nina diploma."

"Ya mbwa?"

"Ya ujenzi."

"Vizuri. Tukipata mbwa mwenye ufa tutakuita."

Nilitaka kukasirika, nikajikuta nacheka. Akaepua sufuria, akanikalisha juu ya kreti, akasema maneno ambayo nayakumbuka moja moja. "Mimi sijui kama anacho au hana. Nitajua nikimwona, na huenda nisijue hata hapo. Nikiona anacho nitasema anacho, hata ukilia. Dawa nikitumia utalipa shilingi mbili. Nisipotumia hulipi kitu. Baiskeli ni yangu na miguu ni yangu."

Nilijaribu kumshusha. Nilisema moja na nusu.

"Mbili," akasema, akaanza kupanga sindano zake.

Hapo nikajua nimempata. Nilipowaeleza watu jioni kwamba atakuja Mwislamu, mtu wa swala tano, kumshika mbwa kinywani, walinicheka. Mjomba alisema, "Hatamgusa. Atasimama mbali kama chifu, ale shilingi zako, aende."

Alikuja Ijumaa, jua likikaribia utosini. Kijiji chote kilikuwa kimesimama nje ya ua wangu. Chifu alikuwapo na askari wake. Mchanjaji hakumsogelea mbwa. Aliketi kwenye tofali hatua kumi mbali naye, akatazama muda mrefu hata watu wakaanza kunong'ona.

"Mwite," aliniambia.

Nikapiga mluzi. Mbwa akainuka, akatikisa mkia, akajikuna shavu.

"Anakujua. Hilo ni zuri, lakini halitoshi. Ameng'ata mtu?"

"La."

"Ameng'atwa na mbwa mwingine, au mnyama wa porini?"

"La. Hatoki hapa."

"Alikula nini kabla ya Jumanne?"

"Ugali na mchuzi wa dagaa," nilisema kwa sauti ya kusikika. Kwa mwaka mzima nilikuwa nimewaringia watu kwamba mbwa wangu hapewi mifupa kama mbwa wa jalalani, kwamba chakula chake hupimwa kama cha mbwa wa Diani.

Mchanjaji akanitazama. "Bwana fundi. Mkono huu una watoto wanne nyuma yake. Naona anajikuna upande mmoja tu wa kinywa, na hilo linanipa fikra. Lakini siingizi mkono kwa fikra. Kama kuna kitu unakijua, kiseme."

"Hapa, mbele ya watu?"

"Hapa hapa. Ukininong'oneza mimi, chifu hatasikia."

Mbwa alikuwa amelala tena, ulimi nje. Askari alikuwa amehamisha bunduki bega. Nilikuwa na jawabu tangu Jumanne na nilikuwa nimelikataa.

"Mfupa," nikasema. "Siku ya karamu, watu walipoondoka. Nilimtupia mfupa wa paja la mbuzi. Mimi mwenyewe."

Watu waliangua kicheko ambacho nadhani kilisikika Kombani. "Dagaa wana mapaja siku hizi!" alipiga kelele yule mama wa maandazi. Nilisimama wima nikakichukua chote. Mchanjaji hakucheka. Alikunja mikono ya shati.

Nilimpakata mbwa kichwa. Mchanjaji alimpitishia mpini wa nyundo yangu kati ya meno ili asifunge kinywa, akajizungushia gunia mkononi, akachungulia. Kipande cha mfupa kilikuwa kimekwama juu, kutoka gego hadi gego, kimejibana kwenye kaakaa kama boriti. Akakishika kwa koleo langu, koleo likateleza. Mara ya pili likateleza tena. Akalitupa chini, akavua gunia, akaingiza vidole vitupu ndani ya udenda ule, akasukuma nyuma, akapinda, akatoa. Mbwa alilia mara moja tu. Nikamfungua kamba, naye akaenda kwenye karai la kuchanganyia saruji, akalamba tone la maji machafu lililobaki humo.

Mchanjaji akauinua mfupa juu chifu auone. 

"Niwekee sahihi," chifu akasema.

"Siandiki kwa mkono huu. Kwanza nioge. Sala imekaribia. Fundi, maji."

Mate ya mbwa huoshwa mara saba, mara moja kwa udongo. Yeye alikuwa amelowa hadi kwenye kiwiko, na nguo pia, na mimi vivyo hivyo. Na pipa langu lilikuwa tupu. Ilikuwa katikati ya kaskazi, miezi isiyo na mvua, kisima kilikuwa mbali na foleni yake ndefu, na maji yangu yote nilikuwa nimeyamaliza kwa kupiga lipu kuta za birika. Mimi, mtu wa birika, nilisimama mbele ya kijiji sina hata kata moja.

Mama wa maandazi ndiye aliyetangulia. Alikwenda kwake akarudi na debe kichwani, maji yaliyochotwa tangu alfajiri.

"Mama, huu ni mkopo," nilimwambia. "Nitalipa."

"Utalipa kwa nini? Kwa mchanga?"

"Nitalipa kwa maji, na utayanywa."

Likaja debe la pili, la tatu na la nne. Mchanjaji alijisugua kwa udongo, akajimwagia, akahesabu kwa sauti bila kuona haya, nami nikafuata, tukafika saba. La tano alilileta mjomba mwenyewe. Aliliweka mbali.

"Hili si lako, mpwa," alisema. "Ni la huyu. Sikudhani atamgusa."

"Nalo nimelikopa," nikamjibu.

Mchanjaji aliandika karatasi kwa mkono safi, akakataa shilingi zangu kwa sababu dawa hakutumia, akaenda msikitini pamoja nao.

Masika yaliponyesha, birika lilijaa hadi pete ya tatu, alama ya juu kabisa ukutani. Watu walinitania njiani: "Fundi, deni letu? Mvua yote hii!" Nilipita zangu. Kumlipa mtu maji wakati anayakanyaga si kulipa. Nilifunga kifuniko cha mbao, nikatia kufuli, nikangoja. Wao walingoja pia, wakitazamia siku ambayo mchanga utameza.

Ilipoingia kaskazi iliyofuata, na wanawake wakaanza tena kuamkia foleni ya kisima, nilifungua kufuli. Maji yalikuwa yameshuka kwa kiganja kimoja tu. Niliweka mzega begani, debe mbele na debe nyuma, nikaenda kwa kila aliyenikopesha, mchana kweupe, kwa njia ya katikati ya kijiji. Mbwa alinifuata, akawa anaketi nje ya kila ua. Mama wa maandazi alionja kwa kiganja, akasema, "Haya ni matamu kuliko ya kisimani," kisha akaonekana kama anajuta kusema.

La mwisho lilikuwa la mjomba. Nililitua mbele ya baraza lake wakati wa alasiri.

"Limeshika?" aliuliza.

"Limeshika, mjomba."

"Lina kifuniko?"

"Kifuniko na kufuli."

Alimtazama mbwa kule nje ya ua, akayatazama maji. Akainama, akachota kata moja, akanusa. Kisha akaketi juu ya jiwe lake, akapandisha mikono ya kanzu, akaanza kutia udhu. Nilisimama pale pale hata akafika kwenye miguu. Alipomaliza nilimimina yaliyobaki katika mtungi wake, nikachukua debe langu tupu, nikapiga mluzi.