Jagi la Bi. Zuwena

Sisi tuliokulia Kabasa zamani za Mwingereza hatukujua kabati la vyombo. Tulikuwa na vibuyu, vyungu, na sahani za bati zilizobanduka rangi. Lakini kwa bibi yangu Wakuru kulikuwa na vitu ambavyo wenzetu walitokaga Manyamanyama kuja kuvitazama: bakuli mbili na jagi, vya udongo, vyeupe kama maziwa, vimechorwa maua ya buluu. Alipewa na Bi. Zuwena, mke wa fundi cherehani kule Musoma, ambaye bibi alimpelekeaga samli. Fundi alipohama, Bi. Zuwena alisema vyombo hivyo ni vya marehemu mama yake, vya zamani sana, na safari itavimaliza.

Siku za wageni bibi alivishusha darini mwenyewe, anavifuta kwa kanga yake. Ndani ya bakuli, chini kabisa, alichorwa ndege mwenye mkia mrefu. Wageni wakishiba, watoto tuligombania maziwa yaliyobaki, maana aliyekunywa mpaka ndege akaonekana alitamba siku nzima.

"Kunyweni polepole," bibi alisemaga, "ndege hana pa kwenda."

Na maziwa yenyewe, ndugu zangu, yalikuwa maziwa. Kibuyu kikishaoshwa kilitiwa makaa ya moto, kikatikiswa, majivu yakamwagwa, ndipo maziwa yakaingia. Ule moshi ulibakia ulimini mpaka ukalala nao. Maziwa yasiyonukia moshi kumpa mgeni ilikuwa kumtukana.

Shangazi Nyangeta, dada yake baba, alikuwa anachumbiwa Butiama. Asubuhi ya kuja wakwe, mama yangu aliosha jagi, akaliegesha mlangoni likauke, akaenda kisimani. Nyangeta akataka maziwa ya wakwe yaingie kwenye jagi, tena yanukie. Ukingo ulikuwa umebanduka kidogo, udongo mwekundu unaonekana, sawa na wa chungu chetu. Akasema udongo ni udongo. Akatia makaa.

Nilikuwa hapo mlangoni nachambua mchicha. Lilipasuka kama hindi bichi motoni.

"Wewe hujaona kitu," akaniambia, huku anazoa makaa.

Anayeposwa kuvunja chombo siku ya wakwe ni nuksi. Wakwe wangerudi na posa yao Butiama. Kwa hiyo mama aliporudi na mtungi kichwani alikuta kesi imeshakwisha. Nyangeta alikuwa analia, anasema wifi yake ameliangusha kwa wivu.

"Mama, mimi nililiacha zima," mama yangu alimwambia bibi.

"Aliyeliosha nani?" bibi akauliza.

"Mimi."

"Basi."

Nilimpelekea baba kipande. Upande wa maua ulikuwa safi, upande wa ndani mweusi kwa moshi. Jagi lililoanguka linapata wapi moshi? Baba, Magesa, alikigeuza mara mbili, akakitupa kwenye migomba. "Mambo ya wakubwa hayo, mwanangu." Kabla jua halijazama mama alikuwa njiani kwenda kwao Kiabakari na kifurushi kimoja. Sisi tulibaki, kwa vile watoto ni wa aliyetoa ng'ombe. Mdogo wangu Masatu alikuwa bado ananyonya. Nyangeta akaolewa kwa vigelegele.

Surua ilipopita, ilitupata wote wawili. Mimi nilipona. Masatu hakupona. Mama alikuja mazishini, akakaa na wageni.

Nawataja kwa majina kwa sababu walizeeka wakiheshimiwa: Nyangeta aliyesema uongo, Wakuru aliyeukubali, Magesa aliyejua akanyamaza. Nami sikusoma, darasa la pili nikaambiwa nikachunge ndama, ila hayo nayaandika bila kufundishwa.

Wajukuu zangu wananicheka nikisifia maziwa ya moshi. Wao wanakunywa chai kwenye kopo la plastiki, wanalipiga teke uani, wanaliokota, wanakunywa tena. Hawajui chombo cha kushikwa kwa mikono miwili, wala hawajui kumngojea mgeni ashibe. Nawaambia enzi zetu vitu vilikuwa vizuri, na kweli vilikuwa vizuri. Lakini usiku nikiwaona wamelala na mama yao katikati, najiambia heri plastiki.