Anwani ya Zamani ya Maabara

Pale hospitalini walimwita Bi Kebo kwa sababu ya nyaya zake, naye aliitikia. Miaka kumi na mmoja alikuwa akitunza seva ya barua pepe katika chumba kidogo nyuma ya stoo ya mashuka, na mambo yakienda vizuri hakuna aliyemgongea mlango.

Wiki moja aligongewa. Daktari wa upasuaji alikuwa amepeleka sampuli ya uvimbe wa mama mmoja kwenye maabara ya mji mwingine, kisha akaandika barua pepe mara tatu kueleza kipimwe nini. Maabara wakasema sampuli wanayo, maelezo hawajayaona. Bi Kebo akatupia jicho taa za seva, zote kijani.

"Kwetu kila kitu kiko sawa, daktari," akajibu.

Siku ya tatu alimkuta yule mama wa sampuli kwenye benchi la korido, mkoba mapajani, akimtazama usoni kila muuguzi aliyepita.  Bi Kebo akarudi chumbani, akafungua foleni ya barua zilizokwama: arobaini na moja, zote za maabara ile ile.

Akachimba. Seva haijui njia. Kabla ya kutuma huiuliza kampuni ya intaneti jina fulani liko anwani gani. Maabara ilikuwa imehamisha mtambo wake wa barua pepe, lakini kampuni iling'ang'ania anwani ya zamani. Kwenye simu yake, yenye mtandao mwingine, jibu sahihi lilikuja papo hapo. Akawapigia kampuni.

"Kwetu kila kitu kiko sawa, dada," akaambiwa.

Maneno yale yalimchoma. Juzi tu alikuwa ameyatamka yeye, tena kwa upole ule ule.

Akaiandikia seva anwani mpya kwa mkono wake, na barua zikatoka. Lakini moyo haukutulia: maabara ikihama tena, atakayekuwa anapotosha watu ni yeye. Kesho yake akaweka programu ndogo ya kuuliza anwani moja kwa moja kwa wenye majina, bila kupitia kampuni, akafuta aliyoandika.

Kisha akaenda kwa daktari. "Nilikujibu bila kutazama. Nisamehe."

Daktari akasema hata yeye kuna wagonjwa ambao huwajibu hivyo, hasa akichoka.

Majibu yalirudi Ijumaa: uvimbe wa mafuta tu. Wiki mbili baadaye kampuni ilipiga simu kutangaza kwamba tatizo limekwisha. Bi Kebo akashukuru, akauliza lilikuwa nini. Hakuna aliyejua.