Ndoo Nyeupe ya Maposeni

Nimechoka kuona aibu peke yangu, acha niseme. Nilitumwa kwenye shamba moja la mahindi Maposeni, nipime kama shimo la choo linatia nitrati kisimani. Nitrati hutoka kwenye vinyesi, hata kwenye mbolea. Ndoo ya kisima niliiona chafu, nikachukua nyingine, nyeupe pe, iliyotundikwa ghalani. Mama Ngonyani, mpishi wa vibarua, akaanza, "Mwanangu, hiyo ndoo..." Nikamkatiza: "Mama, hii ni sayansi."

Kipimo kikapanda ajabu. Nikafunga kisima, nikafunga na choo. Wiki mbili akina mama wakachota maji mtoni, nami roho juu. Mtoto akikohoa tu, nashtuka.

Nikarudi kupima tena, shamba zima limenizunguka. Nikaishika ndoo ileile.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Leo utanisikiliza?"

"Sema, mama."

"Mbolea ya chumvichumvi ya ruzuku ikichelewa kufika, tunanunua kwa wachuuzi, tunagawana kwa kupimiana. Tunapimia hiyo ndoo uliyoshika."