Gemu Tuliyoiuza Kanisani

Wazo la kutangaza gemu kanisani lilikuwa langu. Nalisema mapema ili msomaji asihangaike kutafuta wa kumlaumu.

Nilikuwa nafundisha sekondari moja karibu na Haydom. Ofisini nilikaa na mwalimu wa hisabati, Mwislamu aliyepangiwa kwetu kutoka pwani. Alikuja na kompyuta yake na subira ambayo mimi sikujaliwa. Kwa miaka minne, kila tukimaliza kusahihisha madaftari, yeye alibaki akitengeneza gemu. Ndani yake mchungaji anateremsha ng'ombe kutoka milimani mpaka bonde la Yaeda Chini kutafuta maji. Njiani kila mzee lazima apewe shikamoo, asubiriwe aitikie, ndipo aonyeshe njia. Ukipita bila kusalimia, unaelekezwa korongoni. Mimi nilichora milima, na sauti za ng'ombe nilizirekodi nyumbani kwetu Gitting.

Gemu ilikuwa ya kompyuta. Nilimwuliza kwa nini asitengeneze ya simu, maana huku simu kila mtu anayo, kompyuta mpaka uingie ofisi ya mkuu wa shule. Akasema watu wa simu wamezoea vya bure, wakiona bei wanafuta. Wanaonunua ni wa kompyuta.

"Hao hawapo hapa," nikamwambia.

"Wapo duniani," akajibu.

Tuliacha hapo, kila mmoja akiamini ameshinda.

Kisha kampuni moja ya nje inayosambaza magemu ikamwandikia. Imeipenda kazi yake, ila inataka kuona kwanza kama watu wa nchini kwake wanainunua. Hela ya matangazo hatukuwa nayo. Nikasema twende kanisani, Jumapili ndiyo siku watu wote wanakaa sehemu moja wakisikiliza. Tulianza Haydom, na wiki iliyofuata tukaenda kanisa la nyumbani kwetu, Gitting.

Huku kwetu, mtu akiitwa mbele wakati wa matangazo, ana jambo. Ana mgonjwa hospitalini, au ameunguliwa na nyumba, au mtoto amefaulu na hana cha kumpelekea shule. Hilo nimelijua tangu utoto, na bado halikunijia kichwani. Mzee wa kanisa alimwita mwenzangu, akasema mwalimu huyu amefanya kazi kubwa, na flashi zenye kazi hiyo ziko mlangoni. Akasimama pale, mwembamba, mgeni wa dini nyingine, mikono haijui ikae wapi. Watu walimtazama kwa huruma. Mimi niliiona ile huruma nikaiita hamu ya kununua.

Flashi ziliisha zote, Haydom na Gitting. Walionunua walimshika mkono kwa mikono miwili, wakamwambia, "Bwana akutie nguvu, mwalimu." Hakuna hata mmoja aliyeuliza gemu inachezwaje.

Mwenzangu alirudi kama mtu mwingine. "Umeona?" aliniambia kila asubuhi. "Umeona watu walivyoipenda?" Akaiandikia kampuni kwamba flashi zimeisha zote. Akaanza pia kusema ataacha ualimu, atengeneze magemu tu. Ajira ya serikali watu wanaisubiri miaka, wengine wanazeeka wakiisubiri, na yeye aliizungumzia kama shati la zamani.

Muda si mrefu nilikwenda nyumbani. Kabla sijakaa vizuri mama akaniuliza, "Yule mwalimu mwenzako, shida yake imeisha?"

"Shida gani, mama?"

"Ile tuliyomchangia."

"Mama, ile ilikuwa biashara. Mlinunua gemu."

"Tulinunua ndiyo," akasema. "Mtu hawezi kusimamishwa mbele ya watu halafu arudi mikono mitupu. Na hana hata ndugu huku."

Nilishikwa na aibu, na nikamwonea uchungu mwenzangu. Njia nzima ya kurudi, ndani ya basi lililojaa wagonjwa wanaokwenda hospitali ya Haydom, nilijiandaa namna ya kumwambia. Nilimkuta ofisini anaandika barua ya kuacha kazi. Alikuwa anatabasamu. Akanipa niisome, akaniuliza kama Kiswahili kimekaa sawa. Nikasahihisha sentensi moja, nikamrudishia barua yake.

Huo ndio ukweli wangu. Nimejaribu miaka hii kuupamba, haupambiki.

Kampuni iliipokea gemu na kuiweka kwenye duka lake la mtandaoni, katikati ya maelfu ya nyingine. Bila matangazo hakuna aliyeiona. Wachache wa huko nje walioinunua waliandika kwamba wazee wanaongea mno na hakuna cha kupiga risasi. Kampuni ikamwambia kuna dawa moja tu: wanunuzi wake wa nyumbani waingie dukani, waandike maoni mazuri. Duka likiona watu wanaisifia, lenyewe litaisogeza juu.

Akafurahi. "Hao ninao," akasema. Akaniomba nimsindikize Gitting tuwapitie nyumba kwa nyumba. Nikaenda naye, bado nimefunga mdomo.

Nyumba ya kwanza ilikuwa ya mzee mmoja jirani yetu. Tulimwamkia, tukaletewa chai. Mwenzangu akaanza kueleza kwamba amekuja kwa ajili ya ile flashi. Mzee hakumwacha amalize. Aliingia ndani, akatoka na leso iliyofungwa fundo, akaifungua taratibu juu ya goti, ndani ikiwa flashi.

"Nimekutunzia, mwalimu," akasema. "Haijaguswa na mtu. Kama shida bado ipo, unaweza kuiuza tena kwa mwingine."

Mwenzangu aliipokea kwa mikono miwili. Akasema asante sana, mzee. Akamaliza chai yake yote, akaaga vizuri. Nyumba ya pili hatukwenda.

Barabarani aliniuliza, "Ulijua?"

"Nilijua."

"Tangu lini?"

"Kabla ya barua."

Tukatembea. Mashamba ya ngano yalikuwa yamevunwa, ng'ombe wanakula mabua. Nilisubiri anitukane, ningeshukuru.

"Wale hawana kosa," akasema mwishowe. "Wao walinisaidia."

Kuhusu mimi hakusema kitu, na mpaka leo hajasema.